Kitone chekundu kwenye katalogi ya WISE: kikague kabla hujashangilia

Ukiwa mwanafunzi wa fizikia UDOM na umepewa mradi wa data za anga za infraredi, usianze kwa kuomba eneo kubwa. Katalogi ya AllWISE, iliyotokana na picha za darubini ya angani WISE, ina vyanzo (vitone vya mwanga) takriban milioni 747. Digrii chache tu za Njia ya Maziwa zitamaliza kifurushi chako kabla faili halijafunguka. Omba duara lenye nusukipenyo cha dakika 10 za tao (dakika 60 ni digrii moja), na safu chache: viwianishi, magnitudi nne (kipimo cha mng'ao) na makosa yake, ph_qual (ubora wa kipimo), ext_flg (kama chanzo kimetanda au ni nukta) na cc_flags (alama za dosari).

Jizoeze na Kilimia, kwa sababu pale utakutana na karibu matatizo yote. Vitabu huandika kipo saa 3 dakika 47, kipimo cha mahali angani ambapo saa moja ni digrii 15. Seva ya katalogi inataka digrii: 3.78 mara 15, yaani 56.7, kisha mwinuko (deklinesheni) +24.1. Ukisahau kuzidisha, seva hailalamiki. Inakupa jedwali safi kabisa la sehemu nyingine ya anga.

WISE ilirushwa Desemba 2009, ikiwa na kioo cha sentimita 40, ikapiga picha katika bendi nne za urefu wa mawimbi: maikromita 3.4, 4.6, 12 na 22. Hidrojeni iliyogandishwa iliyokuwa ikiipoza iliisha mwaka 2010, na joto la darubini yenyewe likafunika bendi mbili ndefu. Ni sawa na kupiga picha usiku huku taa inawaka ndani ya kamera. Bendi mbili fupi ziliendelea kutumika, kwa mapumziko ya kati, hadi 2024. Kwa hiyo anayetafuta nyota inayobadilika mwaka hadi mwaka asitegemee 12 wala 22.

Picha pia hazikugawanywa sawa. Kila mzunguko ulipita karibu na ncha za ekliptiki (njia ya Jua angani), kwa hiyo huko zimerundikana. Kilimia, kilicho jirani na njia ya Jua, kina chache. Usilinganishe idadi ya vyanzo vya maeneo hayo mawili bila kuangalia hilo.

Sasa kwenye cc_flags, ambako wageni wengi huteleza. Ni herufi nne, moja kwa kila bendi, na 0 maana yake hakuna dosari iliyotambuliwa. D ni mwale wa nyota angavu, H ni duara la mwanga wake, O ni taswira ya uongo inayotokana na mwanga kuakisiwa ndani ya darubini, P ni mabaki ya picha iliyotangulia. Herufi kubwa: chanzo kinadhaniwa ni bandia. Herufi ndogo: chanzo ni halisi, ila kimechafuliwa. Nyota za Kilimia unazoziona kwa macho zinajaza pikseli kupita kiasi (bendi ya kwanza hujaa kwenye magnitudi 8 hivi), na kando yake vitone bandia hujipanga kwenye mstari. Fungua picha, weka rula kwenye skrini kutoka kwenye nyota. Kitone kikikaa juu ya mwale, kiache. Vumbi la hapo nalo hung'aa kwenye maikromita 12 na kuzaa vitone bandia vingine.

Kitone ni chekundu pale magnitudi ya bendi ya kwanza inapozidi ya pili; tofauti hiyo ikifika 0.8, watu husema ni kiini hai cha galaksi. Huenda, lakini nyota changa zenye vumbi na vibete vya kahawia (vitu vidogo kuliko nyota) navyo huangukia humo. Kitone kikiwa na cc_flags 0000 na ph_qual ya A (kipimo bora) kwenye bendi zote mbili, kilinganishe na picha za 2MASS, upimaji mwingine wa anga kwa infraredi, za sehemu ileile, ukikumbuka kwamba WISE haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko sekunde 6 za tao: kitone kimoja huko kinaweza kuwa nyota mbili.