Ada imefutwa, sasa bado tunachangia nini? Barua kwa mwanangu

Mwanangu, baba, hujambo? Huku sisi wazima, shangazi yako mguu umepungua kuuma na anakusalimia sana. Meseji yako ya juzi niliisoma nikaona nisikujibu kwa wasapu vipande vipande, swali lako zito na una haki ya kuuliza maana hela yako inaingia kwenye mfuko kila mwezi kama ya wenzako. Umeuliza hivi, serikali ilishafuta ada mpaka kidato cha sita na madarasa yanajengwa kila mahali, sasa huu mfuko wa familia tunaochangia watoto wa kule ziwani unafanya kazi gani, na kama lazima uwepo kwanini tusijenge darasa moja tuandike jina la babu yako watu walione.

Nianze na ada. Kufutwa ni jambo kubwa na mimi nilifurahi kweli, toka Januari 2016 mtoto wa shule ya serikali halipi ada mpaka kidato cha nne, halafu kwenye bajeti ya 2022/23 wakafuta na ya tano na sita. Lakini kumbuka ada yenyewe ilikuwa kiasi gani, sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000. Wapo iliowatoa shule, sikatai, ila kule kwetu mwambao wa Ludewa, Ziwa Nyasa, kinachomtoa mtoto shule zaidi ni umbali na njaa, na hivyo viwili havikufutwa.

Wewe unapajua, milima ya Livingstone inashuka mpaka majini, sehemu ya kupitisha barabara ni shida, vijiji vingi njia yao ni boti au miguu na ziwa likichafuka boti hazitoki, mnakaa tu. Sekondari ya kata ipo lakini kata ni vijiji vilivyotawanyika, kwahiyo mtoto wa miaka 14 anapanga chumba karibu na shule, anajipikia, anajilinda, mzazi akipata boti ndio anamletea unga na usipa. Unga ukiisha kabla boti haijaja mtoto anafanyaje? Wa kiume anaenda kuvua usiku asubuhi analala darasani. Wa kike atatokea mtu mzima mwenye hela ya kumnunulia chakula, na mwisho wake unaujua. Ruzuku ya serikali ni 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka na hiyo ni ya kuendeshea shule, sio ya kumlisha mtoto kwenye chumba cha kupanga.

Kwahiyo hela yako ndipo inapoenda, baba. Inalipa chakula cha muhula, inanunua godoro, sare, madaftari na taa ya sola ya kusomea, na inamlipa mama mmoja mtu mzima pale kijijini anayekaa na wasichana nyumbani kwake kama wanae, anajua nani amerudi saa ngapi na nani hajala. Mimi ukiniambia nichague kitu kimoja tubaki nacho kwenye mfuko wote nitamchagua yule mama. Hana jengo wala kibao lakini wasichana waliokaa kwake wanamaliza shule, na hilo walimu wenyewe wanalisema.

Sasa hilo la darasa. Sikatai heshima ya babu yako. Ila angalia, ile miezi ya 2021 kwenda 2022 serikali ilichukua fedha za mapambano ya Uviko ikajenga madarasa 15,000, kati ya hayo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi zile za vijiji vya mbali. Sisi ukoo mzima tukichanga mpaka wajukuu zako wazeeke hatuyafikii hayo, na darasa moja zuri lisilo na mwalimu halimsaidii mtu. Serikali inaweza kujenga, lakini haina namna ya kujua kwamba mtoto wa fulani hajaonekana toka Jumatatu kwasababu mama yake anaumwa na yeye ndio mkubwa. Sisi tunajua, baba yako mdogo anapigiwa simu siku hiyohiyo, anaongea na mzazi, anatafuta mtu wa kukaa na mgonjwa, mtoto anarudi shule. Hela yetu ndogo kazi yake ni hiyo, kumfuata mtoto mmoja mmoja kwa jina mpaka ashike kazi mkononi.

Na hapo kwenye kushika kazi ndipo nataka unielewe zaidi maana kwenye meseji umegusia kwamba tunawapa watu vifaa bure. Wengi wakimaliza kidato cha nne hawaendelei, hiyo ni hali halisi, wengine wanapata ziro na kijiji kinawaona kama wameharibikiwa. Hao mimi nawapenda zaidi na sikufichi. Ukiwauliza watu kwanini kijana haendi VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, watakwambia ada, wakati ada ya VETA kwa miaka mingi ilikuwa 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa mwaka. Mtihani mkubwa ni siku anayorudi na cheti mkononi, fundi wa kuchomelea hana mashine, fundi magari kijiji hakina gari, anakaa miezi mitatu halafu anapanda boti kwenda Kyela kutafuta bodaboda na ujuzi wake unafia hapo.

Ndio maana kabla hatujamlipia mtu tunauliza kwanza kijiji kinanunua nini. Injini ya boti ikiharibika kule inabebwa kwenye boti nyingine kwenda kutengenezwa, hela inaondoka kijijini na mvuvi anakaa wiki bila kazi, kwahiyo fundi injini za boti hawezi kukosa kula. Fundi sola vilevile. Fundi seremala anayejua boti vilevile. Cherehani nazo zina nafasi maana sare za shule zikishonwa hapohapo mzazi anapunguziwa nauli, ila sio kila msichana apelekwe ushonaji, kijiji hakiwezi kuwa na mafundi nguo wengi kuliko wanunuzi. Akimaliza tunampa vifaa vya kuanzia, na sio bure baba, anarudisha kidogokidogo na marejesho yake ndio yanamnunulia vifaa anayefuata, wale waliorudisha wote majina yao yapo kwenye daftari.

Kuna wengine ujuzi wanao tayari. Wanawake wa Kisi wanafinyanga vyungu toka enzi za mabibi zao na vinauzwa mnadani Lyulilo pale karibu na Matema, nani aende kuwafundisha ufinyanzi? Na kijana aliyejifunza ufundi kwa mjomba wake gereji bila kukaa darasani, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anapimwa, anajazia mapengo kwa mafunzo mafupi, anapata cheti. Huyo gharama yake ni nauli na siku chache za kulala mjini.

Na wale waliozalishwa wakiwa shule usiwasahau. Toka Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shuleni, ila ruhusa hainunui maziwa ya mtoto. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanza 1975, vina programu ya Elimu Haina Mwisho ambapo wanasoma sekondari na ufundi pamoja, na mtoto anaenda na mama yake, kuna sehemu ya kumlelea hapohapo chuoni. Tukimpata msichana wa hivyo mimi sisubiri kikao, natuma nauli.

La mwisho uliuliza kuhusu kusajili. Hapo nakuunga mkono kabisa na baba yako mdogo nimeshamwambia. Kama tunabaki sisi kwa sisi tunaweza kwenda hivihivi, ila yule rafiki yako anayetaka kuchangia kutoka Uingereza hela yake isiingie kwenye simu ya mtu. Ulizia RITA, ile ofisi ya serikali ya usajili na udhamini, masharti ya bodi ya wadhamini, ulizia na usajili wa NGO chini ya ile sheria ya 2002, mwenye usajili huo anatakiwa kupeleka ripoti kila mwaka na hesabu zionekane. Wewe ndio mhasibu wetu, hiyo kazi nakukabidhi. Daftari nitalipiga picha kurasa zote nikutumie kesho, pitia jina kwa jina, ukiona kitu hakijakaa sawa nipigie usiandike, na mchango wa mwezi huu utume mapema kidogo maana shule zinafungua na mama yule hajanunua unga.

Mama yako