Takli wa Kushoto na wa Kulia: Nani Ana Thamani Zaidi?

SWALI: Tangu nianze kufuatilia futiboli ya Marekani, nimesikia mara nyingi kwamba takli wa kushoto, yaani mlinzi anayesimama kwenye ncha ya kushoto, ndiye mwenye thamani kubwa kuliko wenzake wote katika safu ya watu 5 wanaomkinga kwotabeki, mchezaji anayerusha mpira. Je, bado ni kweli?

JIBU: Ilikuwa kweli zaidi zamani kuliko ilivyo leo. Makwotabeki wengi hutumia mkono wa kulia, na anayejiandaa kurusha kwa mkono huo huelekeza mgongo wake upande wa kushoto, kwa hiyo mvamizi, yaani mpinzani anayemkimbilia ili amwangushe, akitokea huko humfikia bila kuonekana. Katika miaka ya 1980, Lawrence Taylor, mvamizi wa New York Giants, aliutumia upande huo kwa ukali kiasi kwamba timu zililazimika kutafuta takli wa kushoto aliye mkubwa na mwepesi wa miguu, na kumlipa ipasavyo.

Hata hivyo, wavamizi hawajawahi kukubali kubaki upande mmoja. Michael Strahan, aliyeweka rekodi ya ligi ya NFL mwaka 2001 kwa kuwaangusha makwotabeki mara 22.5, alikabiliana zaidi na matakli wa kulia, jambo ambalo wapenzi wa hadithi ya upande asiouona kwotabeki hulisahau kwa urahisi. Siku hizi makocha humhamisha mvamizi wao bora hadi pale penye mlinzi dhaifu: katika Super Bowl ya 50, Februari 2016, Von Miller wa Denver alimsumbua mno takli wa kulia wa Carolina, akampokonya kwotabeki mpira, kisha akatajwa mchezaji bora wa fainali. Ukuta wenye ufa upande wowote ni ukuta mbovu, na soko limelitambua hilo, kwani mwaka 2024 Detroit ilimpa Penei Sewell, takli wa kulia, mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 112.

Kwa kwotabeki wa mkono wa kushoto, kama Tua Tagovailoa alipokuwa Miami, mgongo hugeukia kulia, na hoja ya zamani hupinduka yote.

Kwa maoni yangu, tofauti kubwa iliyobaki ni ya ufundi. Tristan Wirfs wa Tampa Bay, alipohamishwa kutoka kulia kwenda kushoto mwaka 2023, ilimbidi ageuze mpangilio wa miguu na mikono aliouzoea, kwa sababu mguu uliokuwa ukitangulia kurudi nyuma sasa ndio unaofuata.