Feni ya rejeta inazunguka, mbona skuta bado inachemsha?

SWALI: Nina skuta ya cc 300 inayopozwa kwa maji, iliyotumika Ulaya kabla ya kuletwa huku. Rejeta iko mbele, nyuma ya ngao inayokinga miguu, na ina feni moja ya umeme. Feni ya awali ilikufa: kwenye foleni ya feri Likoni mshale wa joto ulikuwa ukipanda, nikianza kutembea unashuka. Fundi akanifungia feni nyingine ya waya mbili. Si ya skuta hii, ila kipenyo ni kilekile. Inazunguka na naisikia vizuri. Sasa nikisimama mshale unafika karibu na nyekundu na kubaki hapo, nikitembea 30 au 40 unapanda zaidi, halafu nikifika 70 kuelekea Ukunda unashuka. Kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) ni mpya. Nimeshauriwa niongeze feni ya pili, au nitoe thermostati (vali inayofunguka kwa joto), au feni niifungie swichi iwake muda wote. Nifuate lipi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu, usianze na lolote kati ya hayo matatu. Maelezo yako yanatosha kuonyesha pa kutazama kwanza. Skuta ambayo feni yake imekufa huchemsha ikisimama na kupoa ikianza kutembea, kama ilivyokuwa yako mwanzoni. Hiyo ya sasa inayochemsha zaidi ikitembea polepole kuliko ikisimama, kisha ikapoa kwenye mwendo mkubwa, ina kila dalili ya feni inayopuliza kinyume.

Rejeta ya mbele hupata hewa kwa njia mbili: upepo wa mwendo, na feni. Kwenye skuta za aina hii feni hukaa nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele kwenda nyuma, upande uleule unaoelekea upepo wa mwendo. Ikizunguka kinyume, huchota hewa ya moto iliyo nyuma ya ngao na kuisukuma mbele kupitia rejeta. Skuta ikiwa imesimama bado kuna hewa kidogo inayopita, ndiyo maana mshale wako unakwama karibu na nyekundu badala ya kuivuka. Ukianza kutembea, pande mbili zinasukumana. Kwa kilomita 40 kwa saa upepo wa mwendo hugonga kwa shinikizo la paskali 70 hivi, kiasi ambacho feni ndogo ya rejeta inaweza kukikabili. Basi hewa inasimama ndani ya rejeta, haiendi mbele wala nyuma. Kwa kilomita 70 shinikizo linapita paskali 200, feni inashindwa, na maji yanapoa.

Hewa kupungua kidogo tu kuna uzito gani? Chukua mfano wa hesabu. Injini inamwaga kilowati 1.2 za joto kwenye maji ikiwa kwenye sailensi (inanguruma skuta ikiwa imesimama), na hewa ya nje ina nyuzi 32 za Selsiasi. Rejeta ikipitisha mita za ujazo 125 za hewa kwa saa, hewa hiyo itatoka ikiwa na nyuzi 62 hivi. Punguza hewa iwe nusu: ili ibebe joto lilelile italazimika kutoka ikiwa na nyuzi 92. Maji yenyewe yako kwenye 95. Hewa haiwezi kukaribia joto la maji kiasi hicho kwa kupita kwenye unene wa sentimita mbili au tatu za mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), hivyo joto linabaki ndani na mshale unapanda. Mlio wa feni haukuambii lolote kuhusu hili.

Jaribio lake ni la dakika tano. Injini ikiwa baridi na imezimwa, chomoa plagi ya feni, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia waya wenye fyuzi ya ampea 10, chanya kwenye chanya na hasi kwenye hasi kama zilivyofungwa sasa. Kata ukanda mwembamba wa tishu, uushike mbele ya rejeta upande wa gurudumu. Unatakiwa uvutwe na kunata kwenye mapezi. Ukipeperuka kuelekea gurudumu la mbele, jibu umelipata. Wapo wanaotumia moshi wa udi kuangalia njia ya hewa. Kwenye skuta usithubutu: kwa modeli nyingi tangi la petroli liko chini ya sakafu ya miguu, hatua moja kutoka kwenye rejeta.

Kabla ya kugusa waya, tafuta mshale uliochorwa kwenye fremu ya feni au kwenye kitovu cha mapanga, ulinganishe na jinsi inavyozunguka. Feni ikizunguka kinyume na mshale, fundi alibadili waya tu. Zigeuze kwenye plagi ya feni yenyewe. Usiziguse kwenye betri wala kwenye relei (swichi ya umeme inayowasha feni). Ikizunguka kufuata mshale lakini hewa inaenda mbele, basi umeuziwa feni ya kusukuma, iliyotengenezwa kukaa mbele ya rejeta. Hapo bora kuirudisha dukani. Ikishindikana, geuza waya na pia chomoa mapanga uyafunge upya yakiwa yametazama upande wa pili, kama kitovu chake kinaruhusu.

Hapo kwenye mapanga ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kugeuza mapanga peke yake hakugeuzi upepo. Panga la feni ni kama uzi wa skrubu: uugeuze juu chini, bado unakazwa upande uleule. Kinachogeuza upepo ni upande inakozunguka mota. Ila ukigeuza waya bila kugeuza mapanga, hewa itakwenda unakotaka lakini dhaifu, kwa kuwa ukingo wa nyuma wa panga sasa ndio unaotangulia na bonde lake linatazama pasipo. Feni iliyofungwa sawa, upande wa panga ulio na bonde hutazama hewa inakoelekea, yaani kwako wewe unayeendesha, na upande wenye mgongo hutazama rejeta.

Tahadhari moja: mota ya brashi ya kawaida haidhuriki ukigeuza waya. Feni nyingine za siku hizi hazina brashi, zina saketi ndani. Hizo ukizigeuza hazizunguki kinyume, ama zinakataa kuwaka ama zinaungua. Kama lebo inasema haina brashi, usigeuze.

Upepo ukishaelekea nyuma, angalia kama unapita kweli kwenye rejeta. Feni yenye kipenyo sawa haina maana imekaa sawa. Kava inayoizunguka inatakiwa kuziba uso wote wa rejeta, na nafasi kati ya ncha za mapanga na kava iwe milimita chache tu. Feni ikifungwa kwa vibano vya plastiki katikati ya rejeta, bila kava, inapoza duara lililo mbele yake na pembe zote zinabaki zimekaa bure. Vilevile kagua sponji au raba zinazoziba mwanya kati ya rejeta na ngao. Zikikosekana, hewa ya moto iliyotoka nyuma huzunguka pembeni na kuvutwa tena mbele skuta ikiwa imesimama. Ziba kwa sponji ngumu isiyonyonya maji.

Halafu pima umeme. Injini iwe kwenye sailensi na feni ikiwaka, weka multimita kwenye ncha mbili za plagi ya feni, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi volti 0.5 kuna soketi iliyooza, relei iliyochoka au ethi mbovu (waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu), na kwa hewa ya chumvi ya Pwani mimi ningeanza na ethi. Kasi ya feni hufuata volti kwa karibu: ikipata 10 badala ya 13, umepoteza karibu robo ya hewa. Pima pia ampea. Feni za skuta mara nyingi hula kati ya 2 na 5. Hiyo mpya ikila 8 au zaidi ni ya gari, na itachosha relei na kumaliza betri kwenye foleni, wakati injini inachaji kidogo.

Sasa ushauri uliopewa. Feni ya pili mbele ya rejeta inaziba njia ya upepo wa mwendo na kuongeza mzigo wa umeme. Feni moja ya kiwanda ilitosha tangu skuta ilipotengenezwa. Kutoa thermostati ndiyo tabia inayonikera zaidi. Kwenye injini nyingi thermostati ikifunguka hubana njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na oili inachafuka. Ukiishuku, ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 75 na 85. Isipofunguka, nunua nyingine.

Swichi ya mkono inavumilika kwa siku chache, mradi ipite kwenye relei na fyuzi, lakini inaficha kosa. Feni inatakiwa iwake yenyewe, kwa kawaida kati ya nyuzi 95 na 105, na izime baada ya joto kushuka nyuzi 5 hadi 10. Isipowaka yenyewe, kama skuta ina swichi ya joto ya waya mbili kwenye rejeta, unganisha waya hizo kwa kipande cha waya: feni ikiwaka, swichi imekufa. Kama feni inaendeshwa na kompyuta, usiunganishe waya za sensa. Pima relei kwanza.

Kwa wasomaji wenye Honda PCX au Yamaha NMAX, haya ya waya hayawahusu. Rejeta zao ziko ubavuni mwa injini, upande wa kulia, na feni imefungwa kwenye kranki (mhimili mkuu wa injini), inazunguka muda wote injini inapowaka. Zikichemsha, tazama tope, majani au mfuko wa plastiki ulionaswa kwenye wavu, na panga lililovunjika baada ya skuta kuangukia upande huo.

Wewe uliyebadilisha kulanti, hakikisha pia hakuna hewa iliyobaki. Rejeta ya mbele iko mbali na injini, mipira yake ni mirefu, na hewa hukwama kwa urahisi. Injini ikiwa baridi kabisa, simamisha skuta kwenye stendi ya kati, jaza, legeza skrubu ya kutolea hewa hadi maji yatoke bila mapovu, kaza, washa hadi mipira yote miwili ya rejeta ipate moto, acha ipoe, kisha ongeza. Mpira mmoja ukiunguza mkono na mwingine ukiwa baridi, bado kuna hewa ndani au thermostati haifunguki. Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, kama haikuja imeshachanganywa. Maji ya kisima ya Pwani yana chumvi inayotoboa alumini.

Mapezi yaoshe kwa maji ya mpira wa bustani, kutoka upande wa feni kuelekea mbele. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi, na pezi lililolala ni mlango uliofungwa. Ukiona unga mweupe na mapezi yanabanduka kwa kidole, rejeta hiyo imeliwa na kutu ya alumini, haitapoa hata ukiifungia feni gani.

Ukimaliza yote, iache kwenye sailensi kwa dakika 20 kivulini. Feni ikiwaka na kuzima kwa zamu, mshale ukiwa katikati, umemaliza kazi. Ikiwaka bila kuzima na mshale ukaendelea kupanda, ingawa tishu inanata kwenye rejeta na volti ziko sawa, subiri ipoe kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa na utazame maji. Mapovu yanayotoka mfululizo ni moshi wa mwako unaopenya kwenye gasketi ya silinda hedi, na hapo shida haiko kwenye hewa tena.