Aliyechora ni Tom Feelings

Ndugu uliyeuliza nani alichora kile kitabu cha Wamarekani cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One: ni Tom Feelings, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Brooklyn, 1933. Maneno ni ya mkewe, Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda. Kilitoka 1971, na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha vya watoto. Hakuna msanii mweusi wa Marekani aliyewahi kuipata kabla yake! Ukifungua ukurasa wa namba moja, unaona Kilimanjaro na theluji yake. Cha alfabeti kilifuata 1974, kina herufi 24 tu, maana Q na X hatuna.

Kabla ya hapo, 1964 hadi 1966, aliishi Ghana akifanya kazi ya uchoraji.

Lakini kazi inayonishika moyo ni kile kitabu chake cha 1995 kuhusu meli za watumwa. Karibu miaka 20 aliitumia kukichora. Picha nyeusi na nyeupe tupu, na ndani ya michoro hamna neno hata moja. Unafungua ukurasa baada ya ukurasa unatazamana na nyuso za watu waliofungwa minyororo. Hicho si cha watoto wadogo, mwonyeshe aliyekua kidogo. Alifariki 2003.