Mishumaa ya mafuta ya chipsi: inawezekana, ila kazi iko kwenye kuchuja

Mleta mada umeuliza kama kikundi cha akina mama mtaani kwenu kinaweza kukusanya mafuta yaliyochoka ya wakaanga chipsi na kutengeneza mishumaa. Kinaweza. Sisi huku Mbagala tunafanya, na mimi ndiye ninayesimamia uchujaji.

Elewa kwanza kwamba mafuta peke yake hayawi mshumaa. Ya alizeti hubaki maji. Ya mawese huganda kidogo kukiwa na baridi, lakini kwa joto la Dar yanalegea. Lazima uyatie kitu cha kuyashika: nta ya nyuki, au asidi ya steariki, zile punje nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vipodozi. Tunapima nusu kwa nusu kwa uzito, na bado tunamimina kwenye bilauri au mikebe. Mshumaa wa kusimama wenyewe msiuhangaikie. Hesabu zenu zianzie hapo pia, maana mafuta ni rahisi, kinachokula mtaji ni hizo punje.

Sasa kuchuja. Mafuta ya chipsi huja na chenga za viazi zilizoungua, na mara nyingi na maji. Yaacheni yatulie usiku kucha, mchote ya juu, myapitishe kwenye kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kisha yalazeni na mkaa uliotwangwa, mchuje tena. Mkaa hupunguza harufu, hauiondoi yote. Ya wakaanga samaki yatengeni kabisa. Harufu ile haisikii dawa. Chenga ikibaki huziba utambi, moto unafifia. Maji yakibaki, mshumaa unatatarika na kurusha matone ya moto, hatari kwa mwenye kuuwasha. Kwa hiyo kabla ya kuchanganya tunayapasha kwenye moto mdogo hadi yaache kutatarika.

Kuyeyusha, weka sufuria ndani ya sufuria lenye maji ya moto. Asidi ya steariki huyeyuka kwenye nyuzi joto 69 hivi, maji yanayochemka yanatosha. Mfuniko uwe karibu, watoto mbali. Mafuta yakishika moto, funika na uzime jiko. Usithubutu kumwagia maji, moto utalipuka usoni.

Utambi uwe wa pamba iliyosukwa, nailoni haifai. Ukitoa moshi mweusi ni mnene mno. Ukizama na kuzimika ni mwembamba. Kila aina ya chombo washeni mmoja hadi uishe kabla ya kuuza. Mafuta ya mchaichai yanaleta harufu nzuri, ila msimwahidi mteja kwamba mshumaa unafukuza mbu.

Na wakaanga chipsi wapitieni siku ileile kila wiki, na dumu safi lenye mfuniko, muwape chochote. Watengeneza sabuni nao wanayataka mafuta hayo. Mkichelewa mtakuta yameshachukuliwa.