Barua kwa mwanangu: nyumba ya kando ya bwawa

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata, na picha za nyumba nimezitazama mara tatu, ya tatu na miwani. Swali lako fupi: tuinunue au tusiinunue? Nyumba ya mawe, ghala kuukuu, bwawa mita mia mbili toka jikoni, na mji mdogo wa Mézières-en-Brenne, huko huko Ufaransa, si mbali kwa gari. Kisha ukaandika kwamba mlikwenda kuiona katikati ya Mei. Nikaguna peke yangu, hata mdogo wako akauliza kuna nini.

Mei, Zuhura! Mwezi huo Brenne, ile nchi ya mabwawa tulikoishi, imevaa shela. Mayungiyungi yametanda, na membe wenye mashavu meupe, wale guifette moustac, wanajenga viota juu ya majani yanayoelea. Kulasitara wa zambarau ameshavuka Sahara na kurudi kwenye matete yake. Vyura hawalali. Wewe na mkwe wangu mmesimama hapo na dalali, mmeonja jibini ya mbuzi ya Pouligny, ile ya umbo la piramidi. Nani angeona ufa ukutani?

Nendeni tena Januari. Chagueni Jumatatu, siku ambayo sehemu nyingi za vijijini duka la mkate limefungwa, mfike kati ya saa sita na saa nane mchana, hata kengele ya mlango ukiigonga hakuna atakayekufungulia kwa sababu watu wanakula. Uguse ukuta wa kaskazini kwa kiganja. Uchungulie nyuma ya kabati kama rangi inabanduka na chumvi nyeupe inatoka. Halafu toka nje utazame pembe za madirisha. Udongo wa Indre, mkoa wenyewe wa Brenne, una mfinyanzi mwingi: kiangazi unasinyaa, masika unavimba, na nyumba juu yake inapasuka kwa mshazari kama ngazi, ikifuata viungo vya mawe. Ufa wa nywele usikutishe. Ufa unaoingiza sarafu, uliza umri wake, na uliza kama bima ilishawahi kulipa.

Kuni. Wataambiwa wageni kwamba nyumba ni ya kuni na gharama ni ndogo. Kuni huuzwa kwa stère, yaani rundo la magogo ya mita moja lililopangwa mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Ukiagiza yaliyokatwa sentimita 50, stère hiyo hiyo itajaza kama asilimia 80 tu ya mita ya ujazo, na ya sentimita 33 kama asilimia 70, kwa sababu vipande vifupi hulala vizuri zaidi. Usije ukamwita muuzaji mwizi kama alivyofanya mtu fulani ninayemheshimu sana, Mungu amrehemu. Mwaloni ukae miaka miwili chini ya paa, upepo ukipita pembeni. Unyevu ukizidi asilimia 20 moto unalia, kioo cha jiko kinaingia weusi, na masizi yanaganda ndani ya bomba mpaka yawake. Msafisha bomba aje kila mwaka akupe karatasi. Bila karatasi hiyo, siku ya moto bima wanaweza kukugeuzia mgongo.

Na shimo la choo. Vijijini mara nyingi hakuna mtaro wa pamoja wa maji machafu, na hapo muuzaji anatakiwa akupe ripoti ya ukaguzi isiyozidi miaka mitatu. Ikisema shimo halifuati kanuni, wewe mnunuzi una mwaka mmoja tangu kununua kulirekebisha. Mkishatia saini mkataba wa awali mna siku kumi za kujitoa bila kupoteza senti. Kwa mthibitishaji wa mikataba, notaire, wekeni asilimia 7 au 8 juu ya bei, na si pesa yake yote, nyingi ni kodi.

Naona ninazungumza kama fundi, na hukuniuliza habari za mashimo. Lakini ukiniuliza juu ya Brenne, mimi sijui kuanzia nyumba. Naanzia bwawa.

Mabwawa yale hakuyaumba Mungu, uyaonavyo. Yalichimbwa tangu zama za kati kwa ajili ya samaki, na mpaka leo moja linamwagia jingine kama mlolongo. Karibu yote ni mali ya watu binafsi. Kizibo cha chini ya tuta wanakiita bonde. Nakumbuka ulivyocheka ukiwa na miaka saba: sisi Tanga bonde ni nchi ya Muheza, wao bonde ni kizibo cha maji! Kuanzia Oktoba na majira yote ya baridi wanalifungua kidogo kidogo, siku baada ya siku. Ukilifungua kwa pupa samaki wanakwama kwenye tope na kufa. Maji yakishuka, samaki wanakusanyika kwenye kina karibu na tuta, wavu unavutwa, watu wanawachambua juu ya meza: wale samaki wakubwa waitwao carpe huku, wadogo kule. Na tope likibaki wazi, hapo ndipo ndege. Yangeyange wakubwa kwa makumi, kulasitara wa kijivu, shakwe, wote wamesimama kama wanaosubiri mgao. Ukisikia bwawa linamwagwa, acha kazi uende.

Lakini salamu kwanza, darubini baadaye. Nimekwambia hili mara ngapi? Nitakwambia tena.

Unaikumbuka ile siku ya tuta, ingawa ulikuwa kiti cha nyuma na uji wako. Baba yako akasimamisha gari, mimi nikashuka na darubini tayari machoni, kwa sababu nilimwona kiguta mkubwa wa matete, butor, ndege ambaye watu hutafuta miaka. Chini yetu wanaume saba wamevaa viatu vya mpira hadi kifuani, wanavuta wavu. Sikuwatazama. Mzee mmoja akapanda tuta taratibu, akasimama mbele yangu, akasema, « On dit bonjour, madame. » Yaani, watu husalimiana, mama. Basi. Akashuka. Mimi, Zuhura! Mimi niliyekufinya sikio kwa kumpita Bi Mkubwa bila shikamoo, nimefundishwa adabu kandokando ya bwawa la tope na mtu ambaye shati lake lina magamba. Mpaka leo nikilala nalikumbuka, masikio yanawaka. Na butor aliruka, sikumwona tena msimu ule.

Mwaka wa pili tulifika kabla ya wavu, tukasalimu mmoja mmoja, na nikashika kamba. Yule mzee alinipa carpe ya kilo tatu ndani ya gunia la chakula cha kuku, bado inapiga mkia. Ndiyo yule uliyempa jina, aliyekaa siku tatu kwenye hodhi la kuogea tukibadilisha maji ili harufu ya tope itoke, na wewe ukakataa kuoga na ukakataa kumla. Mifupa ya samaki yule ni midogo na inaingia kooni, kwa hiyo minofu unaipiga chale kila milimita tatu au nne bila kufika ngozi, kisha mafuta ya moto sana. Wao wanakula hivyo tu na chumvi. Mimi nilitia ndimu, bizari na pilipili, na yule mzee alikula sahani mbili. Alisema ni kali, akaomba ya tatu.

Kwa hiyo nikikwambia Januari, ni kwa ajili ya korongo vilevile. Najua, kwetu kila chenye miguu mirefu ni korongo. Nasema wale wa kijivu, grue. Wanafika mwisho wa Oktoba, wengine wanapita kwenda Hispania, wengine wanabaki Brenne hadi Februari. Mchana wako kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa wanaokota punje. Jioni wanarudi kulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, mbweha asiwafikie. Uwepo nusu saa kabla ya jua kuzama, na usitoke ndani ya gari: gari hawaliogopi, mtu wanamwogopa. Utawasikia kabla hujawaona. Ukienda kwenye vibanda vya hifadhi ya Chérine, iliyowekwa mwaka 1985, huko unaingia bure, unafungua kidirisha polepole na hutoi mkono nje. Jua liwe mgongoni mwako. Majira ya joto ukichelewa kupita saa nne asubuhi, mvuke unatetema juu ya maji na hata darubini ya bei mbaya inakuonyesha uji.

Darubini yako iwe 8x42, yaani inakuza mara nane na lenzi ya mbele ina milimita 42. Usidanganywe na 10, mkono unatetemeka mara kumi vilevile, na jioni mwanga unaoingia jichoni ni mdogo: 42 gawanya kwa 10 ni milimita nne na kitu, kwa 8 ni zaidi ya tano. Uirekebishe kabla ya kwenda: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka kibao cha mbali kisomeke kwa la kushoto, kisha funga la kushoto na zungusha pete ya lenzi ya kulia. Mkwe wangu anavaa miwani, basi vikombe vya macho avishushe chini. Ukitoka baridini, iache ndani ya mkoba wake mpaka ipate joto la nyumba, la sivyo inaingia ukungu.

Msimu wa uwindaji vaeni fulana ya rangi ya chungwa. Masika soksi juu ya suruali, na jioni mkaguane kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Duka la dawa wanauza kikoleo kidogo cha plastiki, unamzungusha kupe bila kumvuta na bila kumpaka mafuta.

Jambo la ghala. Ulisema mtaligeuza chumba cha wageni. Kwenye picha ya nne nimeona vikombe vya tope juu ya boriti. Ni viota vya mbayuwayu, na kuvivunja ni kosa la sheria hata vikiwa vitupu. Acheni dirisha moja wazi, pigilieni ubao nusu mita chini ya kiota upokee kinyesi, na kazi za paa zifanywe baada ya makinda kuondoka. Nilikuwa nikidhani ni wale wale tunaowaona hapa Ngamiani kwenye nyaya za umeme. Baba yako alinibishia miaka: wa Ufaransa huishia zaidi magharibi na katikati ya Afrika. Alikuwa sahihi, sikumwambia.

Nimesoma tena niliyoandika, na naona nimekusimanga kwa Mei. Sisi wenyewe tulinunua Mei. Tulikuta ufa Agosti, na tuliishi na ufa huo miaka kumi na tisa. Kwa hiyo labda Januari ingetuzuia. Sijui kama ningetaka kuzuiwa. Upweke wa Februari, ukungu wiki mbili, na jirani wa karibu kilomita moja, huo upo. Usimwachie mkwe wangu auone peke yake akiwa nyumbani na watoto. Baba yako angesema nunua, kabla hujamaliza sentensi. Mimi nina neno langu, liko hapa kwenye ncha ya kalamu, na ukinipigia Jumapili usilitafute, maana ukilitafuta nitalitoa.

Nilitaka kukutumia darubini yake, ile ya kijani. Nimeifungua leo: unyevu wa pwani umeshaingia, lenzi ya kushoto imeota kuvu kama utando wa buibui. Nimeiweka kwenye kopo la mchele uliokaangwa, ingawa nadhani tumechelewa. Niandikie kama lile bwawa lenu lina bonde la mbao au la saruji.

Mama yako