"Paka kidogo" si maelezo

Miaka yangu ya mwanzo zahanati, mgonjwa wa pumu ya ngozi, yaani ukurutu, nilimmaliza kwa maneno mawili: "Paka kidogo." Mama mmoja ndiye aliyenitia adabu. Mwanawe wa miaka 3 alikuwa na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, usiku kucha anajikuna. Nikamwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, dawa ya kupaka ya kundi la steroidi, inayotuliza muwasho na uvimbe wa ngozi. Baada ya wiki mbili karudi, mtoto yuleyule, kalamu yangu tayari inaelekea kwenye dawa kali zaidi. Sijui kwa nini nilisema, "Hebu nioneshe unavyopaka." Akatoa tyubu mkobani, imejaa, haijakunjwa hata mkiani. Akaminya dawa isiyozidi punje ya mchele, akaigawa kwa miguu yote miwili.

"Si ulisema kidogo, daktari? Na jirani kaniambia inachubua."

Siku hizi kipimo nakionesha kwa kidole changu mwenyewe: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kutwa mara 2, siku 7, halafu turudi tuangalie. Mafuta ya mgando hayakomi, hata ngozi ikitulia.

Jirani naye hakukosea kabisa. Wapo walioharibika nyuso kwa klobetasoli waliyouziwa kama krimu ya kung'arisha. Ila hiyo ni katika steroidi kali kuliko zote, na haidrokotisoni iko chini kabisa. Kuzitia kapu moja ni kumkimbia paka kwa kuwa umesikia habari za chui.

Kinachonitisha mimi zaidi ni choa. Kiraka cha duara chenye ukingo ulioinuka, mnichukulie kwanza ni fangasi. Steroidi itatuliza muwasho, mgonjwa atakushukuru, huku choa kinatambaa na kupoteza umbo lake mpaka anayekuja nyuma yako asikitambue. Na kwa ngozi zetu nyeusi usingoje wekundu ukuambie kuwa ukurutu bado upo, papasa. Ngozi iliyokakamaa, yenye vijipele, bado ina ugomvi.

Yule mama alirudi siku ya 8, tyubu imekunjwa hadi katikati. Viwiko vilikuwa laini, vimebaki na weusi tu. Akauliza kama aendelee kupaka mpaka doa litoke. Nikamwambia aache, doa lina miezi yake.